Shujaa Asiyeshindwa: Njia Nne za Kumpa Kasoro

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huuza vipuri vya pikipiki mjini Busia na kuchora hadithi za katuni usiku, aliniletea daftari lenye kurasa 32 za michoro ya penseli. Shujaa wake anaitwa Jabali. Katika ukurasa wa 3, Jabali anainua trela lililopinduka kwenye foleni ya mpakani na kulitua pembeni mwa barabara kama mtu anayesogeza kigoda. Katika ukurasa wa 5, risasi za majambazi zinamgonga kifuani na kudondoka mavumbini. Kufikia ukurasa wa 9 hana adui aliyebaki. Kurasa zilizosalia ni ngumi juu ya ngumi, kila jitu likiwa kubwa kuliko lililotangulia, na mchoraji mwenyewe alikiri kwamba mkono ulimchoka kabla hadithi haijaisha. "Mwalimu," akaniuliza, "nimpunguzie nguvu?"

Nilimwomba asubiri. Swali lake huwakwamisha waandishi wengi wa hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na wapo wanaolijibu kwa mkato: shujaa mwenye nguvu kupita kiasi hawezi kuwa mhusika kamili, kwa kuwa asiyeweza kuumizwa hana cha kuhofia, na asiye na cha kuhofia hana uamuzi wowote mzito wa kufanya. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili siikubali hata kidogo. Mtu aweza kuwa na ngozi isiyopenyeka kwa risasi na bado akamkosea ndugu yake, akavunja ahadi, akaona haya, akazika. Ugumu ni kuchagua kasoro yake iwekwe wapi: mwilini mwake, katika tabia yake, katika aina ya matatizo yanayomkabili, au katika umbali uliopo kati yake na watu wanaomzunguka. Hizo ndizo njia nne ninazozilinganisha hapa, na zote zimewahi kutumiwa kwa mafanikio, nyingine hapa kwetu Afrika Mashariki zamani sana kabla Superman hajachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. La kwanza ni taharuki, yaani kile kinachomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Kigezo hiki nilijifunza ndani ya kibanda cha video. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, VJ alikuwa akiitafsiri papo hapo kwa Kiganda na kuchomeka Kiswahili kwa ajili yetu watu wa mpakani, na kila risasi zilipoanza kumdunda shujaa, vijana wa bodaboda walitoka mmoja mmoja kununua rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale nje, bila haraka, bila hata kumwomba jirani awasimulie watakachokikosa. Shujaa yuleyule alipoketi mezani na mama yake, ambaye alikuwa amemdanganya, VJ alishusha sauti, na yule mkaanga chapati hakupata mteja hata mmoja hadi tukio likaisha.

La pili ni tabia: je, kasoro hiyo inatuonyesha huyu ni nani, au ingeweza kuhamishiwa kwa shujaa mwingine yeyote bila kubadilisha sentensi? La tatu ni udumifu, kwa sababu kinachotosha kurasa 10 huenda kisitoshe matoleo 10. La nne ni mtego, yaani namna njia hiyo inavyoharibika mikononi mwa mwandishi. Kisha nimeeleza kila njia inamfaa nani.

Njia ya kwanza: udhaifu wa mwili

Hapa shujaa hashindiki ila kwa kitu kimoja. Samsoni ana nywele zake, Superman ana jiwe la kryptonite, na Fumo Liyongo wa pwani yetu ana sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

*Taharuki.* Hakuna njia inayoileta upesi kama hii. Msomaji akishajua kwamba sindano ipo mahali fulani, hata shujaa akijilaza mchana kwenye mkeka, msomaji hatulii.

*Tabia.* Peke yake, sindano haisemi lolote kuhusu anayechomwa. Watu wengi wanaosimulia kisa cha Liyongo huikumbuka sindano, lakini kinachochoma ndani ya kisa ni kwamba aliyeiulizia siri ni mwanawe wa kumzaa, aliyekwisha kuahidiwa makubwa na mtawala, na kwamba baba, jinsi utenzi unavyosimulia, alitambua nia ya mtoto na bado akamjibu. Mtu aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akiwazidi akili walinzi wote, anashindwa kumficha mwanawe neno. Baada ya kuchomwa alikwenda akapiga goti karibu na kisima, upinde ukiwa umevutwa, akafia katika mkao huohuo; na watu wa mji wakakaa bila maji kwa kumwogopa maiti wakidhani yu hai. Sindano ilifanya kazi ya dakika moja tu, na kila kitu kingine katika kisa hicho kilifanywa na watu.

*Udumifu.* Hapa ndipo njia hii inapodhoofika. Kryptonite haikuwamo katika hadithi za mwanzo za Superman. Iliingia kupitia mchezo wa redio mwaka 1943, ikafika katika vitabu vya katuni mwaka 1949, kisha ikaongezeka, ikapata rangi mbalimbali, mpaka ikawa kama kila mhuni wa mjini ana kipande mfukoni. Mwaka 1971 wachapishaji walichoka, wakachapisha hadithi ambamo mlipuko wa jaribio la kisayansi uligeuza kryptonite yote duniani kuwa chuma cha kawaida. Baadaye ilirudi, kama vile chumvi inavyorudi katika mboga ya mpishi asiyejua kiungo kingine.

*Mtego.* Kifaa kinageuka kuwa mhusika mkuu, na hadithi inakuwa msako wa nani amekishika.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeandika kisa kimoja kifupi chenye mwisho, au anayewaandikia watoto wadogo wanaotaka kuelewa hatari mara moja. Pia inamfaa mwandishi ambaye tayari anajua ni mkono wa nani utakaoshika sindano.

Njia ya pili: kasoro ya tabia

Waganda wana shujaa ambaye ningependa kila mwandishi wa katuni nchini amsome kabla ya kuchora mstari mmoja. Masimulizi yanasema kwamba Kabaka (mfalme) Nakibinge, alipozidiwa vitani na Wanyoro, alipeleka ombi la msaada kwa mungu Mukasa katika visiwa vya Ssese, akatumiwa Kibuuka, ndugu yake Mukasa, ambaye uwezo wake ulikuwa kuruka. Alijificha ndani ya wingu juu ya uwanja wa vita na kuwamiminia maadui mishale, nao hawakujua mishale inatoka wapi. Alikuwa ameonywa mapema: asiwape maadui nafasi ya kujua maficho yake, na asiwe na uhusiano na wanawake wa Kinyoro. Akampenda mateka mmoja wa Kinyoro, akamfunulia siri yake. Mwanamke yule akatoroka na kuwaambia watu wake. Katika vita iliyofuata wapiga mishale wa Bunyoro hawakuangalia mbele, waliangalia juu. Kibuuka alijeruhiwa, akaanguka Mbaale katika Mawokota na kufa huko, na hata hivyo Waganda waliendelea kumheshimu kama mungu wa vita. Masalia yake yalichukuliwa hadi Cambridge enzi za ukoloni, yakarudishwa Uganda mwaka 1962.

*Taharuki.* Inachelewa, lakini ikija inakaa. Msomaji haogopi mshale. Anaogopa mdomo wa Kibuuka mwenyewe. Kila anapokuwa na yule mwanamke tunatamani anyamaze, na tunajua hatanyamaza, kwa kuwa tumeshaona jinsi anavyofurahia kusifiwa. Hilo la sifa naliongeza mimi, kwa maana masimulizi ya kale hayaelezi kwa kirefu alichokuwa akikiwaza, na mwandishi wa leo ana uhuru wa kulijaza pengo hilo.

*Tabia.* Ndicho kigezo ambacho njia hii hukitimiza kuliko zote, kwa sharti moja: kasoro izaliwe na nguvu zenyewe. Mtu aliyezoea kutazama watu kutoka juu ya wingu hana sababu ya kujifunza tahadhari ambayo sisi wa chini tunajifunza tangu utotoni. Asiyewahi kushindwa hajui kuomba radhi, na anayemaliza kila jambo kwa sekunde mbili hana subira ya kumsikiliza mzee anayeanza maelezo yake kwa kutaja ukoo. Ukimpa shujaa wako hasira au ulevi kwa sababu tu umesikia kwamba wahusika wazuri wana kasoro, msomaji ataiona kasoro hiyo kama kiraka cha rangi nyingine kwenye shati.

*Udumifu.* Ni mkubwa, maana tabia haiponi kwa tukio moja. Shujaa anaweza kujifunza katika toleo la 4 na kurudia kosa lilelile kwa sura nyingine katika toleo la 9, kama tunavyofanya sote.

*Mtego.* Kasoro inaweza kukua mpaka ikammeza shujaa. Homelander wa tamthilia ya The Boys, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, hadhuriki kwa silaha za kawaida, lakini alilelewa maabara bila mapenzi ya mtu, na ameshikwa na kiu ya makofi ya umati kiasi kwamba anaua ili asipungukiwe nayo. Ni mhusika aliyeandikwa kwa ustadi mkubwa, ila si shujaa tena, na mwandishi anayetaka wasomaji wamwombee mema mtu wake sharti ajue mapema atasimama wapi.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwandishi wa mfululizo mrefu ambaye ana subira ya kujenga mahusiano kabla ya mapigano. Haimfai mwenye kurasa 8 za kujaza kabla ya Ijumaa.

Njia ya tatu: tatizo lisilopigika ngumi

Katika njia hii shujaa hana udhaifu wowote wa mwili, na tabia yake huenda ni njema kabisa, ila linalomsumbua liko nje ya uwezo wa nguvu alizonazo. Filamu ya Superman ya mwaka 1978 ina mfano ninaourudia darasani kila mwaka. Kijana Clark anaweza kushindana na gari moshi kwa mbio, lakini baba yake mlezi anashikwa na moyo shambani na kuanguka, na nguvu zote zile hazina la kufanya. Kijana anabaki makaburini akijiuliza zilikuwa za nini.

*Taharuki.* Ni ya aina tofauti na ile ya njia ya kwanza. Hatuulizi kama shujaa atapona. Tunauliza atakuwa mtu wa namna gani kesho yake. Nilimwambia mwanafunzi wangu amfikirie Jabali katika kikao cha ukoo kuhusu shamba la marehemu baba yao. Baba mdogo anadai mpaka unapita kwenye mti wa mvule, kaka mkubwa anadai unapita kwenye kichuguu, na mama yupo jikoni, amenyamaza. Jabali anaweza kuung'oa mvule kwa mkono mmoja. Akiung'oa, kikao kimekufa. Akikaa kwenye mkeka, magoti yakiwa yamemuuma kwa kutozoea, kila neno atakalolisema lina uzito, kwa kuwa wote waliopo wanajua anachoweza kufanya na wanasubiri kuona kama atakifanya.

*Tabia.* Inaonekana kupitia kujizuia. Shujaa dhaifu anapokaa kimya kikaoni tunaweza kudhani kwamba anaogopa, ilhali shujaa wa nguvu zisizo na kifani anapokaa kimya tunajua amechagua. Kwa maoni yangu hapa ndipo wenye nguvu nyingi wanapowapita wenye nguvu kidogo kama wahusika, na ndiyo sababu sikutaka Jabali apunguziwe kitu.

*Udumifu.* Unategemea mwandishi anaijua jamii yake kiasi gani. Magonjwa, madeni, mirathi, mitihani na ndoa haviishi. Maarifa ya kuviandika ndiyo huisha.

*Mtego.* Ni kuvunja sheria uliyoiweka mwenyewe. Filamu ileile ya 1978, baada ya kutufundisha kaburini kwamba kifo hakipigiki ngumi, inaishia kwa Superman kuizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma, na Lois, mwanamke anayempenda, aliyekuwa amekufa, anakuwa hai. Wapo wanaoipenda tamati hiyo, kwa hoja kwamba inaonyesha mapenzi yaliyoshinda katazo la baba yake mzazi la kuingilia historia ya wanadamu. Mimi kila nikiitazama huhisi kama mtu aliyenikopesha pesa kisha akazichukua nikiwa nimelala.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayewaandikia wasomaji wazima, na mchoraji ambaye nguvu yake iko katika nyuso kuliko katika milipuko.

Njia ya nne: shujaa aliye mbali na watu

Njia hii inauliza kama mtu mwenye uwezo usio na mpaka angeendelea kujali. Mfano wake mashuhuri ni Doctor Manhattan wa Watchmen, katuni iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987: mwanafizikia aliyepata uwezo wa kupanga upya vitu vyote na kuuona wakati wake uliopita na ujao kwa pamoja. Vietnam, mwenzake anampiga risasi mwanamke mjamzito mbele ya macho yake. Manhattan anamlaumu, naye muuaji anamkumbusha kwamba angeweza kuigeuza bunduki kuwa mvuke, na hakufanya hivyo. Mjapani Saitama wa katuni ya One-Punch Man, aliyeanza kuonekana kwenye intaneti mwaka 2009, ni sura ya kuchekesha ya hali hiyohiyo: anammaliza kila adui kwa ngumi moja, na kwa hiyo maisha yamemchosha, kiasi kwamba kuchelewa punguzo la bei dukani kunamuuma kuliko jitu linalobomoa mji.

*Taharuki* ni ndogo, na mwandishi hana budi kuibeba kwa wahusika wengine walio karibu na shujaa, wale wanaoumia kwa ubaridi wake. *Tabia* ni nzito, kwa kuwa kasoro yenyewe ni kufifia kwa utu. *Udumifu* ni mdogo katika hadithi ya huzuni. Katika kichekesho unaweza kuendelea kwa miaka, kama Saitama alivyothibitisha. *Mtego* ni ubaridi wa mhusika kuambukiza maandishi, mpaka msomaji naye aache kujali. *Inamfaa* anayependa maswali ya kifalsafa na anayejua kabla ya kuanza hadithi yake itakomea wapi, au mwandishi wa vichekesho.

Kwa hali yako

Ikiwa una kurasa chache na tarehe ya kuwasilisha iko karibu, anza na udhaifu wa mwili, ila mkabidhi sindano mtu ambaye shujaa anampenda. Kikulacho ki nguoni mwako, na adui wa mbali hata akiijua siri hawezi kutuumiza vile. Ikiwa unapanga mfululizo wa kusomwa kwa mwaka mzima, kasoro ya tabia itakulipa, na hupaswi kuitangaza katika toleo la kwanza. Iache ionekane katika jambo dogo ambalo wasomaji wengi watalipita. Ikiwa wasomaji wako ni watu wazima wenye mashamba, wakwe na ada za shule, tatizo lisilopigika ngumi litawafikia haraka kuliko vita yoyote ya angani. Ikiwa unapenda kuchekesha, au umebanwa na swali la nini maana ya kujali, mwendee aliye mbali na watu, lakini mpe jirani mwenye joto.

Ikiwa wewe ni msomaji unayesita kununua kitabu cha shujaa asiyeshindwa, kifungue katikati, tafuta ukurasa usio na mapigano, na usome wahusika wanavyozungumza. Kama ukurasa huo haupo, kiache.

Njia hizi pia huoana. Kisa cha Liyongo kina sindano na kina baba asiyeweza kumficha mwanawe neno. Onyo langu pekee ni kwamba mwandishi anayechanganya zote nne mara ya kwanza huishia na shujaa ambaye kila anayemgusa anapata jeraha jingine, na msomaji hajui aangalie lipi.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amezifuta kurasa zote kuanzia ya 10, na vumbi la kifutio lilikuwa bado limo katikati ya daftari. Hakuwa amechagua njia. Alikuwa ameona kitu. Katika ukurasa wa 3, pembeni mwa barabara pale Jabali alipolitua lile trela, alikuwa amechora meza ya mama anayeuza nyanya, kwa ajili ya kujaza nafasi tu. Katika ukurasa wa 4 meza haikuwepo, wala hakuna aliyekuwa ameuliza. Sasa ukurasa wa 10 una mwanamke aliyechutama, anachambua nyanya zisizopasuka na kuzipanga upya kwenye gunia, na nyuma yake amesimama Jabali, mkubwa kuliko fremu, mikono amening'iniza, hajui aiweke wapi.